Redio Iliyozikwa Itetemia

Redio ya gari ninaloendesha imezikwa.

Haikuibiwa. Haikuungua. Iko kaburini, Itetemia, na msalaba umesimama juu yake. Abiria wakiona tundu kwenye dashibodi hunitania, "Dereva, vibaka walikupitia?" Nami nacheka nao, maana ukianza kueleza mtu anaweza kushuka kabla ya kituo.

Leo naeleza. Asiyeamini aje Cheyo, aulizie Noah ya Raymundi.

Ilianza na mtu mmoja anaitwa Masolwa. Alitokea stendi mchana, jua la Tabora limechachamaa, akiendesha Noah nyeupe iliyojaa vumbi mpaka kwenye taa. Madereva tulikuwa wengi pale, na wengine wana midomo mitamu kuliko mimi. Akawapita wote akiuliza jina langu.

"Raymundi ndiye wewe? Mtoto wa mama Eustadia?"

"Ndiye mimi."

"Natafuta mtu wa kuendesha gari hili. Mimi narudi kwetu, tumbaku inanisubiri."

Kanijulia wapi, sikuuliza. Nilikuwa nimekaa benchi muda mrefu, na mwenye njaa haulizi mchele umetoka shamba gani. Nikapokea funguo.

Kabla hajaondoka akainama dirishani. "Kuna CD iko ndani ya redio, haitoki. Fanya mengine yote utakayo, ila hiyo usiivunje."

"Kuipiga je?"

Akanitazama mpaka nikaona aibu. "Ipige," akasema.

Vijana wa sasa mnaunganisha simu, mnaserereka. Magari yetu haya ya kizamani yanakula CD tu, tena kwa kuchagua. Unakwenda kwa Mustafa pale Gongoni, unamtajia nyimbo zako, anakuchomea, anaandika juu kwa kalamu ya wino mzito. Ukiwa na bahati redio inaisoma. Ukikosa bahati inakwaruza kidogo, kisha inaitema.

Hii haikutemwa.

Niliipiga mara ya kwanza nikielekea Itetemia na abiria. Nilitegemea dansi au kwaya ya kuchangamsha. Ikaja mikwaruzo, kisha sauti ya mwanamume. Hakuna gitaa wala ngoma.

*Njia ni ndefu, naondoka. Nani atanisindikiza?*

Halafu kimya.

Nikadhani imekwisha. Nikanyoosha mkono nizime, sauti ikarudi na mstari mwingine. Kimya tena. Kilikuwa kimya cha mtu aliyekuuliza swali na amesimama anakungoja.

Nyuma yangu alikaa Bi Batuli, jirani yetu, anauza mikeka. Mama huyu haogopi hata nyoka. Akanipiga begani.

"Zima hiyo kitu, Raymundi! Huyo anataka kuitikiwa. Ukiitwa na usiyemwona usiitike, hukufundishwa kwenu?"

Nikazima. Lakini mwili ulishanisisimka, kwa sababu nyingine kabisa. Ile sauti nilikuwa naijua.

Nilipowashusha wote nikaegesha kando ya barabara, nikaiwasha tena. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukaanza:

*Mimi Emilian naaga. Nani atanisindikiza?*

Emilian ni kaka yangu.

Tulikuwa hatujui alipo kwa miaka. Aliacha seminari akaenda kuimba kwenye bendi za dansi, na baba yetu, mzee Luhende, alikuwa mtu wa neno moja. Alimwambia mbele yetu sote: "Usikanyage hapa. Usilete hata neno lako hapa, mpaka nizikwe." Kaka akaondoka na begi lake. Jina lake halikutajwa tena mezani. Baba akafariki baada ya Pasaka ya mwaka ule, na hatukujua hata habari tuzipeleke wapi.

Sasa kaka ananiimbia ndani ya gari, anaaga.

Nikampigia Masolwa. Hapatikani. Nikaligeuza gari mbio mpaka Gongoni kwa Mustafa. Alisikiliza mistari miwili tu, akashusha sauti yeye mwenyewe.

"Kaka, hizi naziskia tu kwa wateja. Kuna kwaya moja kule reli ya Kigoma, wanaita CD ya kuagia. Inachomwa moja tu. Inapigwa kwenye gari linalobeba jeneza, watu wanaitikia wakiwa nyuma."

"Sasa imefikaje kwangu?"

Mustafa akainamia redio. Akachukua kisu chembamba, akajaribu kuitoa taratibu. Akakunja uso. "Hii haijakwama, bwana. Hii imeshika." Akanirudishia gari, na siku hiyo hata soda hakunikaribisha.

Hesabu ilikuwa nyepesi. CD ya jeneza iko ndani ya Noah. Basi Noah ndiyo iliyombeba kaka, akazikwa na watu baki, na sisi tunauza sura mjini. Nililia pale kwenye usukani mpaka muuza machungwa akanipa leso yake.

Nikamwambia mama. Alikuwa anapepeta mchele. Hakupiga yowe, alikaa chini tu na ungo wake mapajani.

Kufikia asubuhi mkeka ulishatandikwa. Jirani yetu Awadhi alileta turubai, wanawake wakawasha moto, Bi Batuli akaja na mikeka yake mwenyewe, kila anayeingia anasema pole. Msiba bila mwili ni mgumu sana, wazee. Watu hawajui waangalie wapi. Wakawa wanaliangalia gari.

Mama peke yake hakulia. Nikaanza kuogopa kwamba akili imemruka.

"Raymundi," akaniita, "nataka kumsikia mwenyewe."

"Mama, utaumia."

"Nimekwambia nataka kumsikia."

Nikamkalisha kiti cha mbele, nikawasha. Waombolezaji wakarudi nyuma hatua kadhaa, hata Awadhi anayejifanya jasiri. Mikwaruzo. Sauti.

*Njia ni ndefu, naondoka. Nani atanisindikiza?*

Kimya.

Mama akafumba macho, akaimba: "Tupo, tunakuja."

"Usiitike, dada Eustadia!" Bi Batuli akapiga kelele. "Kwa haki ya Mungu usiitike!"

Mama hakumsikiliza. Kila kaka alipouliza, yeye alimjibu, na lile jibu lilikaa sawasawa ndani ya kile kimya, likaisha pale pale sauti iliporudi. Mama alijuaje maneno?

Wimbo ulipokwisha akafungua macho.

"CD yenyewe nzima?"

"Nzima, mama. Masolwa alinionya nisiivunje."

Akashuka garini akijifunga khanga upya kiunoni. "Kunjeni mikeka. Zimeni moto."

Watu wakatazamana. Kweli kachanganyikiwa, nikasema moyoni.

"Mimi nimeimba kwenye hiyo kwaya kabla sijaolewa," akasema. "Enzi zetu zilikuwa kaseti. Mwimbaji akiona safari imekaribia anaimba peke yake, anaacha nafasi ya wenzake. Siku ya kumzika wanamwitikia, kisha kaseti inavunjwa, inawekwa juu ya jeneza. Haivunjwi kabla, maana ni kumtakia kifo. Haibaki nzima baada ya mtu kuzikwa. Haibaki!" Sauti yake ikatetemeka kwa mara ya kwanza. "Mnamlilia mtu ambaye bado anatungoja. Raymundi, washa gari."

Tukashika njia ya magharibi, Urambo, Kaliua, kuelekea Usinge kwenye kwaya ile, njia ileile ya wapagazi wa zamani waliokwenda Ujiji na mizigo kichwani. Mama alikaza macho barabarani. Mimi nilikuwa na neno moja kichwani ambalo sikuthubutu kulitoa: CD ilikuwa nzima siku nilipopewa funguo, lakini kaka aliiimba akiona safari imekaribia. Huenda safari yake ilifika baadaye, na CD haikuwepo kule ili ivunjwe.

Kijijini kwenyewe tulisikia kwaya kabla ya kuona kanisa. Wanaimba taratibu, sauti za chini. Wimbo wa mazishi huo. Mguu wangu ukaganda kwenye breki.

Mama akafungua mlango mwenyewe, akashuka, akaenda akikimbia kwa umri wake ule.

Nilipomfikia alikuwa amesimama mlangoni. Ndani kwaya ilikuwa kwenye mazoezi. Na mbele yao, juu ya kiti, amejifunika blanketi, mtu mwembamba anawaelekeza kwa kidole.

Akageuka. Sauti ilishakwisha, alinong'ona tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nyanyuka twende nyumbani."

"Na mzee je?"

"Tulimzika baada ya Pasaka."

Kaka akajifunika uso kwa blanketi. Alimlilia baba pale pale, mbele ya kwaya nzima, na mimi nikamlilia yeye.

Masolwa alikuwa amekaa kwenye benchi la waimbaji wa besi. Nikamvamia. "Wewe! Simu huwashi, CD imekwama, na dereva ukanitafuta mimi kwa jina!"

"Haikukwama," akasema bila hata haya. "Niliigandisha kwa gundi. Kaka yako ndiye aliyenituma."

Kaka akanong'ona, nikainama kumsikia. "Baba alikataza nisilete neno langu. Nikaona gari halikukatazwa. Nikasema Ray ni mwoga, akinisikia atakimbilia kwa mama, na mama anaijua kwaya hii."

"Na gundi ya nini?"

"Ungeitoa, ungeitupa porini."

Kweli tupu. Ningeitupa.

Tulikaa na Emilian nyumbani, Cheyo, mpaka mvua zikaisha. Mama alimlisha uji kwa mkono wake. Bi Batuli alimletea mkeka laini kuliko yote aliyokuwa nayo, akamwomba radhi, kaka akacheka mpaka akakohoa. Kisha asubuhi moja hakuamka.

Noah ndiyo iliyombeba mpaka shambani kwetu Itetemia. Nikawasha redio, milango wazi, nikaendesha polepole. Kaka akauliza, *Nani atanisindikiza?* Na nyuma ya gari mtaa mzima wa Cheyo ukaitika: "Tupo, tunakuja." Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Bi Batuli.

Kaburini CD ilikataa kutoka. Gundi ya Masolwa si mchezo. Nikaing'oa redio nzima na nyaya zake, mama akaipiga kwa mpini wa jembe mpaka ndani ikasikika imepasuka, tukaishusha juu ya jeneza.

Ndugu zangu, kuna mtu kwenu jina lake halitajwi mezani. Wazee walisema ukiitwa na usiyemwona usiitike, na sibishani nao. Lakini kama sauti unaijua, itika, kisha washa gari uende. Sisi tulimpata kaka kwa msimu mmoja tu wa mvua, na tulikuwa tumeshamtandikia mkeka wa msiba akiwa hai.