Mume wangu alikuwa mgonjwa, lakini mpakani Tunduma nikashushwa mimi

Wakuu, kamwene, kama tunavyosalimiana kwetu Njombe.

Mimi ni bibi, naisogelea tisini. Simu nimefundishwa na wajukuu, kwa hiyo herufi zikikosewa mnivumilie. Haya yalinikuta mwenyewe. Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka apite tu kimya kimya.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache kabla ya uhuru.

Mume wangu, baba Yohana, alikuwa mpasua mbao. Alinizidi umri sana, ila kazini hakuna kijana aliyemfikia. Halafu miguu ikaanza kumkataa. Mara ajikwae pasipo na kitu. Mara mguu wa kushoto uburuzike. Ukimuuliza, anasema ni viatu vibaya.

Na hapo yuko pekupeku.

Kaka yake alikwenda migodini Rodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, akalowea huko. Siku moja mume wangu akaniambia, "Mama Yohana, jiandae. Nataka nikuonyeshe dunia."

Nilimwelewa. Alitaka kumwona kaka yake angali anaweza kusimama. Hakulisema hilo, nami sikumchokoza. Mtoto tukamwacha kwa mama yangu.

Lori la mbao likatufikisha Makambako, tupande basi la Mbeya. Makambako ile msiifananishe na hii yenu. Ilikuwa njia panda, maduka ya kuhesabika na upepo. Upepo wenyewe haujabadilika.

Ngazi ya basi ilikuwa juu. Baba Yohana akainua mguu, ukagoma. Nikamshika kiuno, nikamsukuma kama gunia. Abiria wote macho kwetu.

Akawageukia akasema kwa sauti, "Mtuwie radhi, ndugu zangu. Mke wangu mgonjwa. Ana kizunguzungu, lazima anishikilie."

Sasa wakuu, ningefanyaje? Nikaegemeza kichwa dirishani, nikaanza kuugua.

Na nikaugua vizuri! Mama mmoja wa Kikinga, mtu wa Makete, akanipa ndizi. "Pole mwanangu. Mshukuru Mungu kwa mume anayekujali hivi."

Mume wangu akaitikia kwa upole, "Ndiyo ndoa hiyo, mama."

Mbeya tukabadilisha basi. Yule mama naye alikuwa anavuka mpaka, tukapanda pamoja, na habari za ugonjwa wangu akazisambaza kwa abiria wapya.

Kufika Tunduma, karani wa mpakani akaingia ndani. "Kuna mgonjwa humu?"

Basi zima likaninyooshea vidole. Kwa huruma tu, jamani.

Karani akasema kuna hofu ya ndui, mgonjwa havuki bila kupimwa na dresa, yaani mganga msaidizi wa enzi hizo, na dresa kasafiri, haijulikani atarudi lini. Akamtazama mume wangu. "Mzee, wewe mzima, endelea. Mkeo atasubiri hapa."

Nikamtazama baba Yohana. Nikisema ukweli, namvua nguo mbele ya watu. Nikinyamaza, huko mbele nani atamshusha? Nani atampeleka chooni? Yeye anaangalia magoti yake tu.

Nikachukua furushi langu, nikashuka. Dereva akawasha gari. Wakuu, moyo uliniuma, na sehemu kubwa ya maumivu ilikuwa hasira.

Ndipo nikasikia sauti yake. "Bwana karani, ngoja!"

Akaja akishika kiti baada ya kiti. Alipofika mlangoni mguu ukamtupa, akaanguka vumbini mbele ya kila mtu. Nikakimbia kumwinua. Akanizuia kwa mkono, akasema palepale chini:

"Mke wangu ni mzima kama maksai. Mgonjwa ni mimi. Miguu yangu imekwisha. Nilidanganya kwa sababu naona aibu."

Sijui kama kuitwa maksai ni sifa, lakini niliipokea. Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia.

Karani akachuchumaa. "Una homa, mzee?"

"Sina."

"Vipele?"

"Sina."

"Sasa miguu inamwambukiza nani? Si ungesema tu? Haya, piteni."

Basi! Yaani niliugua njia nzima bure.

Nikainama nikamwambia, "Panda." Akapanda mgongoni, nikamrudisha ndani ya basi. Yule mama wa Kikinga akanitazama mpaka nikakaa. "Kumbe mzima wewe! Na ndizi zangu umekula zote!" Basi zima likacheka, na baba Yohana akacheka huku anafuta machozi.

Tulifika. Kaka yake alitupokea vizuri, wakashinda barazani wakibishana nani alikuwa hodari zaidi utotoni. Kusimama hakukuwa na haja tena.

Ile ilikuwa safari yake ya mwisho ya mbali. Tuliporudi Njombe, akawa anawatangazia watu kwamba nimembeba mgongoni tangu Rodesia, na simba wawili njiani. Wakiniuliza, najibu ni kweli.

Nilichojifunza ni hiki: mwenza akiishiwa nguvu, kumbeba kunawezekana. Mume wangu mgongoni alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Kilichonielemea ni kile kizunguzungu chake nilichopewa mimi.

Ninyi mnaosafiri na waume au wake wa hali hiyo, mnafanyaje? Na mgonjwa wenu anakubali kuwa ni mgonjwa? Niandikieni, nitasoma polepole.