Nyasi Sizitupi

Siku ya usaili, mmoja wa wakurugenzi wa kiwanda cha chai aliniuliza kama nimeolewa. Kisha akauliza kama najua kupokea wageni, maana aliamini hiyo ndiyo kazi ya afisa wa uhusiano mwema: kusimama mlangoni, kutabasamu, kumimina chai. Shahada yangu ya uzamili ya mawasiliano ilikuwa kwenye bahasha, mapajani mwangu. Nilimjibu kwamba wageni nitawapokea, lakini wanaonihangaisha ni wenyeji, kwa sababu wakulima wa kiwanda hiki hawakiamini hata kidogo. Walicheka wote. Mimi sikucheka, na nadhani ndiyo sababu walinipa kazi: waliniogopa kidogo.

Nilikuwa nimekaa nyumbani miaka miwili baada ya mahafali, nikichuma majani chai ya mama huku majirani wakinipa pole kama mtu aliyefiwa. Picha yangu nikiwa na joho mama alikuwa ameitundika sebuleni, juu ya ile ya harusi yake mwenyewe. Watu wakimuuliza nilisomea nini, alisema, "Maneno." Walimtazama kwa huruma. Maneno kila mtu anayo, nani alipe karo kuyatafuta Nairobi? Nilikuwa nachukia huruma ile kuliko nilivyochukia baridi ya asubuhi shambani.

Kwa hiyo nilipoajiriwa kwa majaribio ya miezi sita, niliapa kwamba nitathibitishwa kazini hata wakinipa ofisi ndani ya choo. Walinipa stoo. Niliosha dirisha, nikaweka meza, nikaanza. Nilikwenda mazishini kusoma rambirambi za kiwanda, nikaenda kwenye redio ya lugha yetu kueleza malipo, nikaenda kwenye vituo vya kupimia majani kusikiliza malalamiko ambayo hakuna aliyewahi kuyasikiliza mpaka mwisho. Mwezi wa tano ulipofika, hata yule mkurugenzi aliacha kuniuliza habari za mume.

Ndipo mvua zikazidi. Majani yaliota kwa fujo, kiwanda kikashindwa kuyameza, na malori mawili yakaharibika. Wakulima wa kituo chetu, upande wa Kiptere, walichuma, wakapeleka, wakapimiwa, wakangoja. Lori halikuja. Majani chai yakilala yameshindiliwa kwenye magunia hupata joto, yakageuka rangi, yakanuka. Kesho yake lori lilipofika, karani alipewa amri ayakatae: ubora duni. Wakulima waliyamwaga barabarani, lori wakalizingira, dereva akajifungia ndani.

Meneja alinituma na taarifa aliyoiandika mwenyewe. Sentensi ya kwanza iliwakumbusha wakulima kuchuma majani mawili na chipukizi, na kudumisha ubora. Niliisoma njiani nikaona aibu. Watu hao wamekuwa wakichuma majani mawili na chipukizi tangu kabla meneja hajaota meno.

Nilishuka garini peke yangu. Dereva wangu alisema ana watoto. Mbele yangu kulikuwa na wanaume wenye fimbo na akina mama waliokaa juu ya magunia matupu, mama yangu akiwa mmoja wao. Aliniona akatazama pembeni. Mtu alinirushia donge la majani yaliyooza, likanipata begani. Kijana mmoja akapiga kelele, "Madam, kama umekuja na story za quality, rudi tu!"

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Niliikunja nikaitia mfukoni. Niliinama kando ya barabara, nikachuma nyasi mbichi, konzi nzima, nikaziinua juu.

Kwetu, mtu akishika nyasi hapigwi. Aliyekosea huzichuma akaziinua, na ugomvi husimama papo hapo mpaka asikilizwe. Hata watoto wakikimbizwa na fimbo ya mama hujua kuziwahi. Lakini si kitu cha kuchezea, kwa sababu anayeinua nyasi amekubali kwamba kosa ni lake.

Fimbo zilishuka. Mzee mmoja, mwenye mabuti na koti la mvua, alinisogelea akaniuliza kwa utaratibu, "Mtoto wangu, hizo nyasi umetumwa nazo na nani? Ni zako, ama ni za kiwanda?"

"Ni za kiwanda," nikasema.

Hakuna aliyenituma. Nilisema hivyo kwa sababu lori lilikuwa la kiwanda, amri ilikuwa ya kiwanda, na mimi nilikuwa mdomo wa kiwanda. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye mkataba wangu, kwa maneno mazuri zaidi. Tulizungumza mpaka mvua ikaanza tena. Lori likaachiliwa.

Nilipofika ofisini, picha yangu nikiwa nimeinua nyasi ilikuwa imenitangulia. Kila kikundi cha WhatsApp cha kaunti mbili kilikuwa nayo. Shangazi yangu wa Silibwet alikuwa ameshapiga simu kuuliza kama nimepigwa. Meneja alikuwa amesimama. Si mgeni yule. Alizaliwa kwenye vilima hivi hivi, na bila shaka naye amewahi kuwahi nyasi mbele ya mama yake.

"Unajua umefanya nini?" akaniuliza. "Umekubali! Kiwanda imekubali makosa mbele ya watu wote!"

"Si ni makosa yetu?"

"Hiyo si point. Sasa watataka walipwe hiyo majani yote." Akakaa, akapunguza sauti, akawa mpole, na upole wake ndio ulionikasirisha. "Sikiza. Ijumaa tuko na mkutano pale kituo. Utashika maikrofoni, useme zile zilikuwa nyasi tu. Ulikuwa unasalimia watu. Mambo iishe. Barua yako ya confirmation iko hapa kwa meza, nataka kusaini."

Nilimwambia nitafikiria. Kwa kweli nilikuwa nimeshafikiria, ila nilitaka kumsikia mama.

Mama alikuwa jikoni akisugua kwa mkaa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Majani yake yalikuwa kati ya yaliyomwagwa, kwa hiyo nilitarajia aniambie nisimame imara. Hakuniambia hivyo. Alisema, bila kuinua macho, "Sema vile wanataka. Majani itaota tena wiki ijayo. Kazi haioti."

"Mama, ulikuwa pale. Uliniona nikizishika."

"Nilikuona. Ndio maana nakwambia. Nani atakuandika tena?"

Nilimkasirikia, nakiri, na nilimkasirikia zaidi kwa kuwa hesabu yake haikuwa na kosa. Katika milima hii yote, kazi ya namna yangu ilikuwa moja, na nilikuwa nayo.

Ijumaa, kituoni, mchungaji aliomba, mwenyekiti akasalimia, meneja akasema mengi kuhusu changamoto. Halafu akanikabidhi maikrofoni na kunikumbusha kwa jicho. Mama alikuwa safu ya nyuma, leso kichwani, mikono imekunjwa.

Nikasema kwa lugha yetu, "Nimeambiwa niwaeleze kwamba zile zilikuwa nyasi tu. Ninyi ndio mlionilea. Niambieni, tangu lini mtu akainua nyasi tu?"

Nikaendelea bila kungoja jibu.

"Lori lilichelewa. Majani yenu yalikuwa mazuri. Nilizishika kwa jina la kiwanda, na sizitupi."

Nilirudisha maikrofoni. Hapakuwa na vigelegele wala mtu wa kunibeba mabegani. Wanaume waliangalia ardhi, kisha wakamwangalia meneja, wakaendelea kumwangalia mpaka akaanza kufuta miwani yake. Majani yale yalilipwa hatimaye, kwa shingo upande. Mimi nilipata barua ya kunishukuru na kunitakia kila la heri kwingineko. Iliandikwa vibaya, ningeiandika vizuri zaidi.

Mama aliisoma akaikunja. Hakusema, "Nilikwambia." Alinimiminia mursik kikombe kikubwa, kile cha wageni, akatoka kwenda kukamua.

Nikahamia Silibwet, chumba juu ya duka la dawa za mifugo. Niliandika kibao mwenyewe: Uhusiano Mwema na Mawasiliano. Watu walipanda ngazi kuuliza kama nasuluhisha ndoa. Nilikaa hapo, nikakataa kurudi shambani na nikakataa kuhamia Nairobi, ambako wenzangu wa chuo walisema ndiko kazi iliko. Kazi iko mahali ambapo watu hawaaminiani, na hapa hatujapungukiwa.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mfanyabiashara, Mkikuyu ambaye wazazi wake walihamia hapa kabla hajazaliwa. Alikuwa anauza chakula cha ng'ombe, na shehena moja ilikuwa imeingiwa na maji ikaota ukungu. Uvumi ulikuwa umefika hadi Chebunyo kwamba anaua mifugo ya watu. Alisimama mlangoni, akanipima kutoka kichwani hadi viatuni.

"Ni wewe ule wa nyasi?"

"Ni mimi."

"Basi. Nataka mtu hawezi niambia nidanganye, juu watu wa hapa wakikushika na uongo, umeisha." Akavuta kiti akakaa. Baada yake walikuja watu wa ushirika wa maziwa, kisha shule, kisha zahanati. Kodi nalipa. Kibao nimekibadilisha, sasa kimeandikwa na fundi.

Msimu wa mvua wa juzi, simu ililia nikiwa na mteja. Niliijua namba, ingawa nilikuwa nimeifuta.

"Madam," meneja akasema. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu. "Uko wapi? Wamefunga barabara tena, kituo ingine. Lori tatu ziko ndani. Hii watu inakusikiza wewe. Kuja kidogo tu, tutaelewana."

"Wewe uko wapi?"

"Kwa gari."

"Umefunga vioo?"

Akakohoa kwenye simu.

"Lori lilichelewa?"

Nilisikia mvua ikipiga paa la gari lake.

"Angalia hapo kando ya barabara," nikamwambia. "Zimejaa. Shuka, inama, chuma mwenyewe. Watakuuliza ni nani aliyekutuma nazo, na hilo sitakujibia."