Minyaa katika Njia ya Ng'ombe

Kila mgeni anayefika Unyasuma huuliza swali lile lile: nani aliichora hii barabara, na alikuwa amekunywa nini? Ukiacha lami ya kwenda Utemini inaanza vizuri, kisha inakata kushoto bila sababu, inazunguka jiwe kubwa, inapanuka utadhani uwanja wa mpira, inabanwa tena, halafu inateremka bondeni. Vijana wa bodaboda huilaani kila siku. Mimi huwajibu kwamba aliyeichora hakunywa chochote ila maji ya bwawa, kwa sababu aliyeichora ni ng'ombe.

Hayo sikuyatoa kichwani. Nilifundishwa na Bibi Damari, ambaye nilipanga chumba chake cha mbele nilipotoka Nduguti na cherehani yangu. Unyasuma ilikuwa tayari mtaa wa manispaa, wenye nguzo za umeme na duka la vocha, lakini bibi aliendelea kusema "hapa kijijini" na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Jioni alikuwa akinitembeza. Pale inapopanuka, alisema, makundi mawili ya ng'ombe yalikuwa yakipishana asubuhi, moja likienda bwawani na jingine likirudi. Pale inapokata kushoto palikuwa na shamba la mzee mmoja mkali, na hata ng'ombe walimjua.

Pande zote mbili za njia wazee walipanda minyaa. Ni ule mti usio na majani ya maana, vijiti vitupu vya kijani, wenye utomvu mweupe unaochoma macho. Mbuzi hawautaki, jua la Singida haliuwezi, na ukikata tawi ukaliacha chini wakati wa mvua, linaota. Huo ndio uliokuwa ukuta wao. Na wana sheria yao juu yake: mnyaa uliochipua mpakani haung'olewi na mtu yeyote ila aliyeupanda. Viwanja vingi vya Unyasuma havijapimwa mpaka leo. Kinachomzuia jirani asikusogelee ni minyaa hiyo na heshima hiyo, basi.

Mimi ni Mnyiramba, na Wanyaturu ni watani zangu, kwa hiyo nilikuwa nikimwambia bibi kwamba watu wa kwao wanaheshimu kuni kuliko wakwe. Alikuwa akicheka mpaka anajishika mbavu. Sheria yenyewe hakuwahi kuifanyia mzaha.

Bibi Damari alikuwa na wifi yake bondeni, mwisho wa njia ya ng'ombe. Magreth, dada wa marehemu mume wake, alikuwa amepoteza macho yote mawili na hakutaka kuhama nyumba ya baba yake. Tangu mume alipozikwa, Damari alikuwa akimpelekea chakula kila mchana: ugali wa uwele na mlenda, ndani ya hotipoti iliyofungwa kwa kitenge. Watoto wa jirani walijitolea kubeba, wakakataliwa. Magreth hali chakula cha mtu ambaye hatakaa naye kula. Wakikutana wanaanza kutukanana kama wifi wanavyotukanana, huyu chumvi, yule uvivu, na ukiwasikia kwa mbali utasema mtu akaamue. Nilipata kuwafuata siku moja nikawakuta wameshikana mikono huku wakitukanana. Sijaona upendo mwingine wa namna ile.

Sasa aje Kitwana. Ni mtu wa mjini, wa familia ya biashara, baba wa Tabora na mama wa Tanga, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale barabara yetu inapokutana na lami. Alinunua kiwanja karibu na lile jiwe, akaanza kufyatua matofali. Ili apate nafasi ya msingi alipunguza minyaa ya upande wake, haki yake kabisa. Matawi yaliyokatwa yakawekwa kukatisha njia, toka jiwe mpaka ukuta wa jirani. Mvua zikaanza, mafundi wakasimama, Kitwana akabaki dukani. Zilipokatika, matawi yalikuwa yamechipua. Pakawa na ua wa kijani, mzuri tu, katikati ya njia iliyokanyagwa na ng'ombe wa babu zao.

Mahali pengine watu wangepiga kelele. Unyasuma walinyamaza. Walipita, wakatazama, wakatikisa vichwa, wakarudi kuzunguka kwa lami. Mwenyekiti wa mtaa, Gaspari, alikuja kwa bibi akiwa amevua kofia. "Mama, tuitishe mkutano," alisema.

"Ukimwita mtu mkutanoni kwa habari ya mpaka, umeshamwita mwizi," bibi akajibu. "Huyu tutaishi naye."

Mimi nilikuwa nimeshanoa panga. Nilimwambia bibi waziwazi kwamba dakika chache tu zingetosha, na kwa kuwa mimi si wa hapo, lawama ningezibeba hadi Nduguti. Bibi aliliangalia lile panga, akauangalia ua wa minyaa wa nyumba yake mwenyewe, ambao mume wake aliupanda kabla hajamuoa.

"Luciana, ukiung'oa wa Kitwana leo, huu wangu ataulinda nani nikishakufa?"

Nikarudisha panga jikoni kwa hasira, nikalipigiza ukutani kidogo.

Basi akaanza kuzunguka. Kwa njia ya ng'ombe alikuwa akifika kwa wifi yake hotipoti ikiwa ya moto. Kwa lami ilibidi apande hadi dukani kwa Kitwana, afuate malori kando ya barabara, kisha ashuke bondeni kwa nyuma ya shule. Magoti yake yalikuwa mabovu siku nyingi. Alikuwa akipumzika, akisimama, akipumzika tena. Mlenda ulifika umepoa na Magreth akapata tusi jipya la bure. Lakini siku moja Magreth hakutukana. Alimpapasa wifi yake magoti, akakuta yamevimba, akamwambia asije tena, yeye atakula chochote watakachomletea watoto. Damari alirudi akalia kwenye kizingiti changu. Alijua wifi yake hatakula. Kesho yake alifunga hotipoti akaondoka kama kawaida.

Na kilichoniudhi kuliko yote ni kwamba Kitwana alikuwa mtu mwema. Kila mchana alimwona bibi akipita, akamtolea kiti. "Shikamoo bibi. Pumzika kwanza, unywe maji." Bibi anaitikia marahaba, anakaa, anakunywa, anashukuru, anamuuliza habari za wanawe, ananyanyuka. Neno moja la njia halikumtoka. Nikimuuliza kwa nini, ananiambia, "Ananiona. Mtu mzima akiona, inatosha." Watu hawa wanaweza kufa kwa adabu na wakaagana vizuri kabla ya kukata roho.

Aliyeuliza alikuwa Rukaya, mke wa Kitwana. Alikuja kwangu kupima gauni la Idi, na nilipokuwa nimemzungushia futi kiunoni akasema, "Yule bibi yenu anatembea sana. Huko barabarani anafuata nini, na magoti yale?"

Mimi sikuzaliwa Unyasuma. Adabu yao inanihusu nusu. Nilimweleza yote, kuanzia ng'ombe mpaka mlenda uliopoa. Rukaya aliondoka gauni halijapimwa mikono.

Jioni ile Kitwana alikuja kwa miguu, amevaa kanzu, amekunja uso. Alimwamkia bibi, akabaki amesimama hata alipoonyeshwa kigoda.

"Bibi, kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Mtu hapandi mnyaa kwa bahati mbaya, baba."

"Sikupanda," alisema Kitwana. "Nilitupa tu, mbuzi wasinikanyagie matofali. Yalipoota nikaona watu hawapiti wala hawasemi, nikajua njia yenyewe ilishaachwa."

Kicheko kikamtoka bibi, kile cha kushika mbavu, na machozi juu yake. Msimu mzima kijiji kizima kiliheshimu takataka.

"Basi kaing'oe mwenyewe," alimwambia. "Mwingine hawezi."

Asubuhi Kitwana alikuwa pale na jembe. Watu walijaa, hakuna aliyegusa. Bibi alifungua kitenge chake cha hotipoti akamfunga usoni, akamsimamisha upande ambao upepo unamtokea mgongoni, akawa anamwelekeza: kata chini, geuza uso, sasa vuta. Utomvu ulimwagika kwenye kanzu yake na haujatoka mpaka leo. Shina la mwisho lilipong'oka mchana, bibi hakungoja hata vijiti vifagiliwe. Alichukua hotipoti, akashika njia ya ng'ombe, akapotea nyuma ya jiwe. Baadaye kidogo tukasikia kutoka bondeni sauti ya Magreth akimtukana kwa nguvu kwamba leo mlenda umemuunguza ulimi. Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema.

Hayo yangeishia hapo kama isingekuja kazi ya kuweka majina ya barabara na vibao vyake. Gaspari aliita watu, na kila mmoja akasema jina moja, Damari. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Bibi akanyanyuka akiegemea fimbo.

"Andika Kitwana," alisema.

Nilishindwa kunyamaza. "Bibi, huyu ndiye aliyeifunga."

"Ndiyo. Na mimi nitakufa, na wanawe watakuja kuuza kile kiwanja. Nani kati yao ataziba njia yenye jina la baba yake?"

Kitwana aliinamisha kichwa. Wazee waligonga fimbo chini, Gaspari akaandika, na huo ukawa mwisho wa mkutano.

Kibao kiliposimikwa kando ya jiwe, Damari alimshika Magreth mkono akampandisha kutoka bondeni, polepole, mara ya kwanza kwa miaka mingi. Magreth alikipapasa kile kibati kwa vidole.

"Wameandika nini?"

"Kitwana."

"Kwa hiyo, wifi, pamoja na kuzunguka kote kule, wewe hukupata kitu."

Bibi Damari aliuweka sawa mkono wa wifi yake kwenye bega lake, akageukia bondeni.

"Nimepata pa kupita," alisema. "Twende, chakula kinapoa."