Miti ya Bama Nyuma ya Tembe Letu

Juzi jirani yangu hapa Mwankoko alikuwa anachoma matawi mabichi ya ua wake, moshi ukavuka ukanikuta nimekaa na ungo wa mchele mapajani. Moshi wa mti mbichi una utamu fulani unaoganda kooni, kama sukari guru iliyoungulia chunguni. Mikono yangu ikasimama yenyewe. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, moshi unakuumiza macho?" Nikamjibu ndiyo, maana ilikuwa rahisi kuliko kumweleza habari za baba yangu na miti yake. Ninyi watu wazima naweza kuwaeleza.

Baba alirudi kutoka vita vya Hitla mimi nikiwa na umri wa kuanza kutumwa kuchunga mbuzi. Kwetu ni upande wa Sepuka. Alikuwa ameingia Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Bama kupigana na Mjapani, na njiani wakakaa sana India. Wenzake wengine walirudi na baiskeli, mmoja akarudi na cherehani, kijiji kizima kikaenda kuishangaa. Baba alirudi na koti zito la jeshi, ambalo alilivaa hata kwenye jua la Oktoba, na kifuko cha kitambaa kilichojaa mbegu.

Mbegu zile alizipanda nyuma ya tembe letu, nyumba yetu ya paa la udongo, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Shamba lile dogo la nyuma lilikuwa la mama. Kwetu mwanamke akiolewa anapewa ardhi yake, na mume mwenye akili haingizi mkono humo. Mama alilitia samadi mwaka hata mwaka, akalima viazi vitamu, karanga na kunde. Viazi alivikata na kuvikausha juani, tukavila kama michembe wakati wa kiangazi, ghala la uwele likianza kutoa mwangwi. Baba alichimba mashimo katikati ya matuta bila kumwomba mtu ruhusa. Mama alimtazama, akachukua jembe lake akahamia tuta jingine. Mume aliyerudi kutoka vitani hagombezwi kwa sababu ya mashimo.

Miche ikashika. Baba aliimwagilia maji ambayo mama alikuwa ameyachota kisimani kwa kutwa nzima, na jioni alikaa katikati yake peke yake, koti begani. Sisi watoto tulisema baba anaisalimu miti kuliko anavyotusalimu sisi, tukacheka. Bibi, mama yake baba, hakucheka. Alisema, "Mwanangu alikwenda vitani. Lililorudi ni koti."

Mwanzoni tuliipenda miti ile. Majani yake yalikuwa madogo laini kama ya mgunga, na maganda yake ya mbegu, ya njano, yalikuwa matamu, tukayatafuna kama watu wa mjini wanavyotafuna pipi. Mbuzi nao waliyapenda. Walikula maganda kwetu, wakaenda kudondosha mbegu kwa majirani. Haikupita miaka mingi miti ya Bama, kama kijiji kilivyoiita, ikawa inaota njiani, kwenye zizi, mpaka kwenye kaburi la babu. Chini yake hakikuota kitu. Viazi vya mama vikawa vyembamba kama vidole. Ukikata shina moja, baada ya mvua unakuta machipukizi mengi yenye hasira, kila moja na miiba mirefu kama sindano ya kushonea magunia.

Mama alimwambia baba mara ya kwanza kwa upole, akimwita kwa jina langu, wakati anampa maji ya kunawa. "Baba Hadija, nibakizie hata upande wa kunde." Baba akanawa, akala, akatoka.

Kisha ikaja habari ya Jumanne. Huyu ni mdogo wangu, aliyezaliwa baada ya vita, mtoto mwenye mbio ambaye mama alikuwa akimfunga kamba kiunoni ili aweze kupika. Siku moja alikimbilia nyuma ya tembe akifukuza kuku, akakanyaga mwiba wa Bama. Mwiba ukavunjikia ndani. Mama alichokonoa kwa sindano, akabandika majani, akamwita mganga. Mguu ukavimba mpaka ukang'aa. Mama akambeba mgongoni hadi dispensari, mwendo wa kutwa, mimi nikimfuata na kibuyu cha uji. Dresa, mfunga vidonda wa pale, alipasua, usaha ukatoka. Alitusaidia kadiri alivyoweza, lakini mishipa ilikwisha kukaza. Jumanne alipona homa. Kisigino chake hakikugusa ardhi tena.

Tuliporudi, baba alikuwa amekaa palepale kwenye miti yake. Mama alimtua mtoto mbele yake.

"Tembea, baba yako akuone," alimwambia.

Jumanne akatembea, akichechemea kwa ncha ya vidole. Baba alimtazama, kisha akatazama pembeni.

"Hata mgunga una miiba," alisema. "Mmeng'oa migunga yote ya Singida?"

Mama akambeba mtoto, akaingia naye ndani. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akimwomba baba kitu chochote.

Kiangazi kile baba alikwenda Manyoni kufanya kibarua cha reli. Siku ya pili yake mama alikwenda kwa jirani, Mama Rehema, kuomba watu wa kusaidia, akaahidi kupika pombe ya mtama. Wanaume walisema mti wa mwanaume haung'olewi mwenyewe akiwa safarini. Wanawake walisema hivyohivyo kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye nyumba za waume zao. Na hawa ndio waliokuwa wakilalamika kila wiki kwamba mbuzi wetu wamewapandia msitu.

Basi tukaanza wawili, mama na mimi. Kukata peke yake kulikuwa kazi bure. Ilibidi kuchimba kila shina mpaka pale mizizi inapogawanyika, kukata chini yake, kisha kuchoma. Udongo ulikuwa mkavu, jembe linaruka kama limegonga jiwe. Mama alifunga miguu yetu kwa vipande vya ngozi ya ng'ombe, lakini mikono haikuwa na pa kujificha. Jioni tulikaa tukitoana miiba, kila mmoja akimshikia mwenzake kiganja karibu na moto.

Asubuhi moja tulimkuta Bibi amekwisha kufika shambani, amekaa chini kwa sababu magoti yake hayakumruhusu kusimama sana, anakata mizizi kwa panga. Mama aliogopa.

"Shikamoo, mama. Acha, mama. Mwanao atasema nini?"

"Marahaba. Atasema nini?" Bibi alijibu bila kuinua kichwa. "Yeye nilimzaa. Hii miti sikuizaa."

Tulifanya kazi mpaka mikono ikawa migumu kama ya wachimba visima. Moshi ule mtamu ulikaa kwenye nywele zetu, kwenye maziwa, kwenye ugali. Mashimo yalipofukiwa, shamba lilionekana kubwa kuliko nilivyolikumbuka, na uchi kidogo, kama kichwa kilichonyolewa kwa ajili ya msiba.

Baba alirudi karibu na mvua za kwanza. Alileta kanga ya mama na sukari guru yetu. Alizunguka nyuma ya tembe kabla ya kuingia ndani, kama alivyozoea, nasi tukabaki uani tukisikiliza. Alipotokea tena, alimsalimu Bibi kwa heshima zote.

"Nimeing'oa mimi," Bibi alisema upesi.

"Si kweli," mama alisema. "Ni mimi. Mama alinisaidia tu."

Baba akamgeukia mama. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mlingoja niondoke."

Hakumpiga, ingawa majirani walikuwa wamejisogeza uani kwao ili wasikie vizuri. Aliweka kanga juu ya kinu, akalala nyumbani kwa Bibi, na asubuhi akachukua njia ya Manyoni. Hatukujua kwamba anahama. Habari zilikuja kidogo kidogo: amepanga chumba, amepata kazi ya kudumu relini, ameoa.

Na mimi nilimlaumu mama. Sikusema, lakini nililaumu. Nilipoona baba za wenzangu wakirudi jioni, nilijiambia kwamba mama alimfukuza wangu kwa jembe, kwa ajili ya viazi.

Nilipoolewa, wakati wa Mwingereza, Bwana DC bado yuko bomani, mume wangu alipata kazi Manyoni, nikamtafuta baba. Alikuwa amezeeka vizuri. Alinikaribisha chai, mke wake akaniita mwanangu. Nilikusanya moyo nikamuuliza, "Baba, ile miti ilikuwa ya nini?"

Sijapata kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Kule kambini India aliugua homa, na wagonjwa walikuwa wengi, wakalazwa nje chini ya miti ile. Aliyelala karibu naye alikuwa kijana wa Kinyiramba, wakawa wanazungumza habari za nyumbani, wakitafuna maganda kwa sababu hawakuweza kula kingine. Asubuhi moja yule kijana hakuamka. Baba akaokota mbegu.

Nililia. Nikasema, "Mbona hukumwambia mama?"

"Angeniambia pole," alisema. "Mimi sikutaka pole."

Nilikaa hadi jua likazama, nikisubiri. Alizungumza juu ya kivuli, juu ya maganda, juu ya yule Mnyiramba. Habari za Jumanne, aliyekuwa sasa mvulana wa kuchunga ng'ombe na bado anatembea kwa ncha ya vidole, hakuuliza.

Nilipokwenda Sepuka nilimsimulia mama yote. Alikuwa anapepeta uwele, akaacha.

"Masikini," alisema. "Angeniambia, ningemwachia mmoja." Kisha akapepeta tena kidogo. "Aliuliza habari za Jumanne?"

"Aliuliza."

"Hadija, wewe tangu utoto hujui kusema uongo," alisema, na hakuonyesha kushangaa hata chembe.

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku aliyochukua jembe kuingia shambani, mama alikuwa amekwisha kuwa mjane wa mtu aliye hai. Baba aliondoka siku ile Jumanne alipotembea mbele yake naye akatazama pembeni; Manyoni ilikuwa safari ya miguu tu. Mama alijua. Alijua pia kwamba mtaa utamsema, na kwamba watoto wake watamlaumu mpaka wawe wakubwa. Alichimba hivyohivyo.