Wivu wa Dada Mtu

Mauza binti Zayed alikuwa hodari wa kupima kitambaa kwa mkono. Mteja akitaja upana wa dirisha, yeye anavuta jora, anakunja mara mbili tatu, mkasi unapita, na mita zinatoka kamili. Duka la baba yake la mapazia liko Kariakoo, kichochoro cha pili ukitoka Mtaa wa Msimbazi, na familia inaishi ghorofa ya tatu, juu ya duka hilo hilo. Kwa miaka kumi na minne Mauza alishuka ngazi zile asubuhi na kuzipanda magharibi.

Hakupanga iwe hivyo. Alipomaliza kidato cha sita alipata daraja la kwanza, na jina lake likatoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda chuo kikuu kusoma sayansi ya siasa. Siasa aliipenda tangu utotoni, kwa sababu ya redio ya dukani. Wakati wa Bunge la bajeti alikuwa akiwatambua mawaziri kwa sauti kabla hawajatajwa majina. Lakini mwaka ule mama yao alikuwa anaumwa figo, na Mzee Zayed alimwita akamwambia, "Siasa haisomwi, mwanangu. Siasa inafanywa na wenyewe. Na hapa dukani nitabaki na nani?"

Mama alifariki mwaka uliofuata. Mazungumzo ya chuo hayakufunguliwa tena. Arwa, mdogo wake, wakati huo alikuwa na miaka minane.

Sasa huyo Arwa alipokua, naye akamaliza kidato cha sita, kwa daraja la pili la kuburura miguu. Aliomba sheria, akaikosa, wakampa sayansi ya siasa. Yaani ile ile. Mzee Zayed alifurahi akaagiza halua, na Mauza ndiye aliyeigawa, sahani kwa sahani, duka kwa duka. Kila aliyepokea alimwambia, "Hongera, dada mtu!" Alirudi mikono inanata sukari.

"Baba," aliuliza huku akinawa, "kumbe siku hizi siasa inasomwa?"

"Zama zimebadilika," alijibu mzee, akaendelea kusoma gazeti.

Arwa alikaa bweni na kurudi nyumbani Ijumaa. Wakati wa chakula alimweleza baba yake habari za dola, mamlaka na uhalali wa serikali, na mzee alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mawaidha. Mauza alipakua wali. Arwa akienda kuoga, yeye alichukua madaftari yake akayasoma dukani, ameyaficha katikati ya majora. Alikuta insha zimesahihishwa kwa wino mwekundu, na pale mwalimu alipoandika "fafanua", Mauza alijua kabisa cha kufafanua. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angekuwa mdogo wake ana akili kumzidi, labda roho ingetulia.

Mwaka wa tatu Arwa alitakiwa kufanya utafiti. Alichagua kuchunguza jinsi wafanyabiashara wa mtaa wao walivyokubaliana, siku moja miaka ya nyuma, kufunga maduka yote kwa pamoja kugomea ushuru. Alikuja na barua ya utambulisho na madodoso arobaini.

"Dada, wewe wanakujua wote. Nitambulishe tu."

"Nenda mwenyewe," Mauza alisema. "Si ndiyo elimu yenyewe?"

Arwa akaenda. Muda si mrefu akaingia Stella, mama mmoja wa Masasi anayeuza vifungo na nyuzi duka la tatu kutoka hapo, mtu asiyekaa na neno hata likiwa la moto.

"Shoga, mdogo wako anaandika nini? Kaniuliza nani aliitisha mgomo."

Mauza angeweza kusema ni kazi ya chuo. Badala yake aliinamia kitambaa akasema, "Mimi sijui. Ila siku hizi nasikia watu wa kodi wanatumia wanafunzi."

"Weee!"

"Mimi sijasema kitu, Stella."

"Lisemwalo lipo," alisema Stella, na tayari alikuwa mlangoni.

Kufikia adhuhuri neno lilikuwa limezunguka kichochoro kizima. Arwa alipokewa kwa tabasamu na kukaribishwa kiti, kisha hakuambiwa lolote. Mgomo? Mgomo gani, binti yangu? Biashara? Tunamshukuru Mungu. Siku nne alirudi na karatasi nyeupe. Mauza alimwona anavua viatu mlangoni, mabega yameshuka, na alijisikia kama aliyekunywa maji ya baridi mchana wa Februari. Usiniulize kama aliona aibu. Siku hizo nne hakuona.

Lakini Kariakoo watu hawamhofii mtu mmoja, wanaihofia nyumba yake. Kwa kawaida mteja akikosa rangi anayoitaka duka moja, anaelekezwa la pili. "Nenda kwa Mzee Zayed" lilikuwa neno la kila siku. Sasa likakatika. Mafundi wa mapazia waliokuwa wakileta wateja wakaanza kupita upande wa pili. Na Abdulswamad, muuza taa wa mkabala, aliyekunywa kahawa na Mzee Zayed kila saa nne asubuhi kwa miaka ishirini, hakuvuka barabara.

Siku ya kwanza mzee alidhani mwenzake anaumwa. Siku ya tatu alikaa na vikombe viwili mbele yake mpaka kahawa ikapoa.

"Nimemkosea nini Abdulswamad?" alimuuliza Mauza.

Mauza alisema hajui. Alimimina kile kikombe cha pili kwenye mfereji.

Jioni hiyo Arwa alirudi analia. Msimamizi wake alikuwa amempa wiki moja. Asipopeleka majibu ya watu, hatahitimu mwaka huo. Alikaa sakafuni, madodoso mapajani.

"Mimi sifai, dada. Wewe ndiye ulistahili kusoma kitu hiki. Baba mwenyewe anajua."

Pengine asingesema hivyo, Mauza angenyamaza hadi leo.

"Ni mimi," alisema. "Niliwaambia unaandikia watu wa kodi."

Arwa alicheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha akaona uso wa dada yake. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ile nafasi ilikuwa yangu."

"Nilikuwa na miaka minane!" Arwa alipiga kelele. "Miaka minane, dada! Nilikupokonya nini?"

Mzee Zayed alikuwa amesimama mlangoni na kanzu yake ya kwendea msikitini. Alikuwa amesikia yote.

"Wivu, Mauza? Kwa mdogo wako wa tumbo moja?"

"Ndiyo, Baba. Wivu. Na mbegu uliipanda wewe."

Hakuna aliyewahi kumjibu mzee vile. Alishuka ngazi kwenda kuswali.

Asubuhi Mauza alivuka barabara. "Shikamoo, ami."

"Marahaba," Abdulswamad alijibu bila kuinua macho kwenye taa aliyokuwa akiifunga nyaya. Mauza alimweleza kila kitu, hata habari ya halua. Alipomaliza, Abdulswamad aliweka bisibisi chini.

"Kwa hiyo nimemsusa rafiki yangu kwa neno la kuzusha?"

"Ndiyo, ami. Nisamehe. Waambie na wengine."

"Mimi? Neno umelitoa wewe. Lirudishe wewe."

Maduka yalikuwa ishirini na matatu. Aliingia moja baada ya jingine, akasema maneno yale yale mbele ya wateja na wapagazi: nilimsingizia mdogo wangu, nilikuwa na kijicho. Wengine walicheka. Mmoja alimwambia mtoto wa Zayed angetegemewa kuwa na haya zaidi. Stella ndiye aliyekasirika kuliko wote.

"Umenifanya nionekane mmbea!"

"Stella, umbea ulikuwa nao kabla yangu," Mauza alisema, na wote wawili wakajikuta wanacheka bila kupenda.

Arwa alimfuata nyuma na madodoso, hamsemeshi. Mlango wa kwanza tu alisoma swali lake kama lilivyoandikwa: "Ni vigezo gani vilivyowaongoza katika kufikia maamuzi ya pamoja?" Muuza mashuka alikodoa macho. Mauza hakuvumilia. "Siku ile mlipofunga, nani alianza kushusha mlango?" Hapo mtu akakaa vizuri, akaanza kusimulia, na jirani akaingilia kumsahihisha. Siku tatu walikwenda hivyo, dada anauliza na mdogo anaandika. Mara moja Mauza aligeuka akamkuta Arwa anamtazama kwa jicho ambalo yeye alilijua vizuri sana, maana ni lake: jicho la wivu.

Arwa alifaulu. Alipoleta nakala iliyojalidiwa, Mauza alifungua ukurasa wa shukrani. Alishukuriwa Mungu, baba, msimamizi na wafanyabiashara wote. Mauza hakutajwa. Aliusoma ukurasa ule mara mbili, akaifunga nakala, akamrudishia.

Na shahada yenyewe haikumpeleka Arwa mbali mara moja. Karibu mwaka mzima alikaa dukani anakata mapazia yaliyopinda. Katika wenzake aliosoma nao, mmoja alikuwa mtendaji wa kata, wawili waliandika habari, na mwingine aliendesha bajaji Upanga akisubiri usaili. Hatimaye shirika moja dogo lilimchukua kwenda Newala kufundisha wanavijiji haki zao za kupiga kura na namna ya kudai taarifa ya mapato na matumizi kwenye mikutano ya kijiji.

Siku aliyoondoka, Mzee Zayed alibaki dukani hadi wakati wa kufunga. Alipangapanga majora yaliyokwisha kupangwa.

"Kile Chuo Kikuu Huria," alisema, "kinachukua watu wazima?"

"Kinachukua, Baba."

"Nani kakwambia?"

"Nina fomu tangu Juni."

Mzee alikohoa. "Basi Jumamosi nitakuwa nafungua mimi." Msamaha hakuomba, na Mauza alikwishaacha kuungoja.

Sasa yuko mwaka wa pili, anasoma siasa kati ya mteja na mteja. Mtihani wa kwanza alipata C, akakasirika wiki nzima. Juzi Arwa alipiga simu kutoka Newala, sauti imemkauka. Alikuwa amesimama mbele ya watu mia tatu, na bibi mmoja akamwuliza swali lililomshinda. Mauza aliuliza swali lenyewe ni lipi, kisha yeye akalijibu pale pale.

"Nakuonea wivu, Arwa," Mauza alisema. "Wewe uko huko, mimi niko hapa."

"Najua," Arwa alijibu. "Na mimi nakuonea. Rudia hilo jibu taratibu, naandika."