Goti la Kheir

Mimi mpira nshauchoka. Nauchoka kabla haujaanza, maana kwangu mimi mpira hauanzi saa kumi uwanjani. Unaanza siku nne kabla, ndani ya nyumba yangu, kwenye tumbo la mume wangu.

Mume wangu ni Machano Mkadam, fundi wa mafriji, mtu wa Kendwa. Nasema mtu wa Kendwa ingawa huu mwaka wa ishirini na saba anaishi hapa kwetu Chukwani, kwenye kiwanja alichotupa marehemu baba yangu. Umkute kainamia friji la watu kule mjini, utadhani bubu. Hebu itaje Kendwa, hapo ndipo utamsikia! Kuoa kwetu ameoa, kuzaa amezaa, lakini timu hakuhamisha. Chukwani ikicheza na Kendwa, mtaa mzima yeye peke yake anavaa kijani. Na kila mwaka Kendwa wanafungwa. Jioni yake watu wetu wanakuja mpaka mlangoni na mgomba waliouvisha sanda ya kijani, wanalia kilio cha uongo: "Bi Tahiya, pole na msiba!" Mimi natoka na ufagio kuwafukuza, yeye kajifungia chooni. Ndoa yangu ndiyo hiyo.

Mwaka huu yakazidi. Fainali, Chukwani na Kendwa, uwanja wa mjini kwa sababu hapana aliyekubali kwenda kwa mwenzake. Na golini mwa Chukwani, mwanangu Kheir. Ana miaka ishirini na mbili, mrefu, maneno yake machache. Alipoambiwa yeye ndiye kipa, alikuja kwa baba yake akamwambia, "Baba, kaa upande unaoutaka, mimi sikulazimishi. Lakini nataka uje unione." Machano akasema, "Nitakuja, mwanangu," kisha akatoka nje kupenga kamasi.

Tangu Jumanne chakula hakimpiti Machano. Nimempikia mchuzi wa pweza, kitu anachokipenda, kaudonoa kauacha. Anabandika birika hana habari kwamba hajawasha jiko. Mara kifua mbele: "Mwaka huu tunawapiga tatu!" Hata chai haijapoa, kainamisha kichwa: "Wallahi tunafungwa, mimi najua." Alhamisi alikaa kwenye mswala mpaka nikamuonea huruma. Nikamuuliza, "Umeomba nini muda wote huo?"

"Nimeomba sare."

"Baba Kheir, fainali haina sare."

Akanitazama kama nimemtukana mama yake.

Ijumaa baada ya sala akaenda mjini, kwenye baraza wanapokaa watu wa Kendwa kunywa kahawa. Aliporudi alipitiliza kitandani. Jumamosi, siku yenyewe ya mechi, asubuhi nafua, akaja akakaa kwenye kibao cha mbuzi kama mtoto aliyevunja kitu.

"Tahiya, nimefanya jambo."

"Jambo gani tena?"

"Jana walinizonga. Wananiambia nimewazalia adui, eti Kheir hafungiki. Kila mmoja na lake, nami nacheka, nacheka, mwisho ikanitoka. Nikawaambia si wa kutisha hivyo, mpigieni upande wake wa kushoto, goti halimpeleki."

Nikaiacha nguo ndani ya beseni.

Goti la Kheir tunalijua watu watatu tu duniani. Alikuwa na miaka tisa, akapanda paa la jiko kufuata tiara iliyonasa, akaanguka. Machano ndiye aliyembeba mgongoni, na hospitali alikaa naye siku kumi na moja hajarudi nyumbani. Goti lilipona, lakini akitaka kuruka kushoto linamgomea. Kheir hakumwambia mtu, angeachwa kwenye timu. Mpira ukichezwa anajificha kwa kusimama kidogo upande huo wa kushoto, na kwa kulia kwake hakipiti kitu. Sasa baba mtu kaenda kuitoa siri kwenye kikombe cha kahawa!

"Mdomo wako, Machano! Mdomo wako!" Nilimwambia mengi, mengine sitayarudia.

"Nenda kambini ukamwambie," akasema. "Zikija penalti asogee mapema upande ule, tena aruke huko huko. Wewe ni mtu wa kwao, dada yake Talib, watakufungulia."

Talib ni kaka yangu, kocha wa timu, ndiye aliyewaweka vijana kambini nyumbani kwake, na simu zao zote kazikusanya. Si mbali, mwendo wa robo saa. Nikamwambia, "Sendi. Ulikosema hukunipeleka."

Akaenda mwenyewe, na chapati nne ndani ya kitambaa ili asiende mikono mitupu. Lo! Mtu wa Kendwa, siku ya fainali, anabisha hodi kambini na kifurushi! Jirani yangu Mwanakheir alikuwapo, ndiye aliyenisimulia. Vijana walimvua kofia wakaipekua. Chapati wakazichana vipande vipande kutafuta hirizi. Naye bado yuko pale pale, mmoja akaleta maji ya chumvi akamwaga alipokanyaga. Talib akatoka: "Shemeji, nakuheshimu, lakini leo rudi. Kama una neno, niambie mimi nimfikishie." Na neno lenyewe Machano hawezi kumpa Talib, maana Talib akijua habari ya goti, Kheir hakai golini.

Akarudi, kofia mkononi. Sijapata kumuona amekuwa mzee vile.

"Nenda wewe, Tahiya. Bado kuna wakati. Nakuomba."

Nikaitazama ile nguo iliyobaki, mgongo unaniuma, ishirini na saba miaka hii ya kijani na migomba. Nikamwambia, "Mpira tu huo. Niache nimalize kazi yangu." Nikaendelea kufua.

Uwanjani nilikaa na wanawake wenzangu wa Chukwani. Machano nilimuona ng'ambo, katikati ya watu wa Kendwa, lakini hakuvaa kijani. Alivaa shati lake jeupe la Ijumaa. Wenziwe wanaruka, wanapiga ngoma, wanatutukania migomba yetu, yeye kakaa na mikono katikati ya magoti. Kheir siku hiyo alicheza, jamani! Mipira miwili ya wazi aliitoa kwa ncha za vidole, mpaka Mwanakheir akanikumbatia akaniangusha mtandio. Dakika tisini zikaisha bila goli. Mwamuzi akaonyesha penalti.

Wa kwanza wa Kendwa, kushoto. Wa pili, kushoto. Wa tatu, kushoto. Kheir anaruka, na kila akiruka anafika nusu, anaanguka kama mtu aliyevutwa nyuma. Sisi tukakosa moja. Wa nne, kushoto. Wa tano alipouweka mpira chini nikafumba macho. Kelele ndizo zilizoniambia. Nilipofumbua, Kendwa wote wako uwanjani, wamembeba Machano mabegani, yeye anapigania kushuka.

Kheir alirudi baada ya magharibi. Baba yake alikuwa kakaa mkekani. Kheir akainama akampa mkono.

"Hongera, baba."

Machano akaushika ule mkono asiuachie. Akalia, mtu mzima, machozi yanaingia kwenye ndevu. "Mimi, Kheir. Mimi ndiye niliyewaambia."

"Najua," akasema Kheir. "Aliyepiga ya tatu aliniambia alipokuja kunipa pole." Mkono akauacha pale pale kwa baba yake. "Leo asubuhi nilisikia sauti yako kule kambini. Ulikuja kuniambia?"

"Nilikuja."

"Wakakurudisha."

"Wakanirudisha, mwanangu."

Kheir akakaa ubavuni mwa baba yake, bega kwa bega, akakunjua lile goti taratibu. Nikaona nafsi yangu inatulia. Nikasema alhamdulillahi, wameelewana. Nikaleta sahani ya wali na samaki nikaiweka mbele yao. Kheir hakuigusa. Akainua uso akanitazama mimi.

"Mama, na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Hakukasirika. Laiti angekasirika, hasira mimi naijua pa kuishikia.

"Wewe wangekufungulia, mama," akasema.

Wangenifungulia, tena wangeniwekea kiti.