Naseem Mai Hafungi Cheni Bila Kifuniko

Mkwe amekuja asubuhi hii, na kuku bado anatembea uani.

Katika kijiji hiki cha wakulima wa pamba, nje kidogo ya mji wa Khanewal, mume wa binti yako akibisha hodi huwekwa kwenye kitanda cha kamba, akaletewa chai ya maziwa matupu. Hakemewi. Lakini Altaf amesimama, jua linampiga kisogoni. Mama mkwe wake, Naseem Mai, amechuchumaa kando ya pikipiki yake, mikono imejaa grisi hadi viwikoni.

"Kifuniko cha cheni kiko wapi?" anauliza bila kuinua uso.

"Mama, siku hizi nani anaweka kifuniko? Kinapiga kelele tu. Fundi wa njia panda alikitoa aliponibadilishia cheni."

"Lini?"

"Miezi minne sasa."

"Miezi minne! Na cheni imekwisha hivi!" Anageuza gurudumu la nyuma, ambalo ameshalifungua. "Njoo uone. Meno ya sproketi, hii gia inayovuta cheni, yamechongoka kama ya msumeno. Amekuwekea cheni mpya juu ya meno ya zamani, lazima yaitafune. Halafu akaiacha wazi, ile vumbi lote la barabara. Na ukamwambia asante."

Altaf anacheka kidogo. Naseem Mai hacheki.

Ana miaka hamsini na minne. Hukamua nyati wanne wa kufugwa kabla ya jua kuchomoza, na mumewe, Bashir, hupeleka maziwa mjini kwa pikipiki. Mzigo ule humaliza cheni na sproketi zake kila mwaka, na kwa miaka kumi na moja anayezibadilisha ni mkewe, hapa hapa uani. Majirani nao huleta zao. Hutoza rupia mia tatu. Kwa wajane hatozi.

Hakujifunza kwa kupenda. Miaka kumi na moja iliyopita fundi mmoja aliibadilisha cheni ya Bashir, kifuniko akakiacha chini. Alisema pikipiki ya maziwa haihitaji urembo.

"Urembo!" anasema Naseem Mai.

Kesho yake alipanda nyuma, amekaa upande kama wanawake wote hapa, kwenda kumwona dada yake. Ncha ya mtandio ikaingia kwenye cheni, mtandio ukamkaba. Anashusha nguo kidogo shingoni. Kovu ni jembamba, linang'aa kama waya. Tangu siku hiyo sauti yake ni ya mtu mwenye mafua.

"Unajua waliniambia nini? Kwamba sikuukusanya mtandio wangu vizuri. Hospitali, mtaani, hata dada yangu! Hakuna aliyemuuliza fundi, lile bati ulilolitoa uliliweka wapi? Kosa likawa langu, mimi na nguo yangu."

Mwaka huu, kijijini hapa pekee, wanawake watatu wamenaswa. Mmoja hakurudi nyumbani. Matangani pia, anasema, walizungumzia mtandio.

Anafunga sproketi mpya, ya mbele na ya nyuma, anarudisha gurudumu, anapitisha cheni mpya. Inabaki klipu ya kuunganisha ncha mbili, ndogo kuliko ukucha. Anaichukua, anaitia mfukoni.

"Mama, harusi tuliyoalikwa ni saa sita," anasema binti yake, Rukhsana, aliyejifunga mtandio wa nyuzi za dhahabu unaofika magotini.

"Ichelewe. Kifuniko kije kwanza, ndipo klipu itoke."

"Watu watasema nini?" Altaf anauliza. "Mkwe kanyang'anywa pikipiki?"

"Waambie mama mkwe wako kichaa. Na sababu uwaambie."

"Mwanangu, nenda tu," Bashir anasema, amekaa kwenye kitanda cha kamba. "Mimi nilibishana naye, nikanywa chai bila sukari mwezi mzima."

Altaf anakwenda kwa miguu. Baada ya saa nzima anarudi, viatu vya harusi vimejaa vumbi, kifuniko kilichopinda kiko kwapani.

"Kilikuwa kwenye rundo nyuma ya duka. Kanitoza rupia mia mbili."

"Kakuuzia mali yako?"

"Kasema mimi mwenyewe nilikitupa."

Naseem Mai anakinyoosha kwa nyundo, na kila pigo unajua anampiga nani. Kisha anaitoa klipu mfukoni, anaibana kwa koleo, upande uliofungwa ukitangulia mwendo ili isichomoke. Anaipima cheni kwa kidole, haijakazwa mno wala haijalegea. Anafunga kifuniko, skrubu zote.

Rukhsana anapanda, anakaa upande. Mama yake anamkunjia mtandio mapajani vilevile.

"Kuku mtamkuta mezani jioni," anamwambia mkwe, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Hilo rundo ni kubwa?"

"Vifuniko ishirini hivi, mama."

Tabasamu linaondoka. Anaitazama pikipiki mpaka inapinda kona.

Jumatatu, Bashir akishamaliza kupeleka maziwa, wataazima mkokoteni wa jirani waende njia panda. Anataka vifuniko vyote. Akiambiwa anunue, atanunua, kisha atapita nyumba kwa nyumba kuvifunga bila malipo.

"Ishirini," anasema, akifuta grisi. "Kila kimoja kina mwanamke aliyekaa nyuma."